Kwa Babu, Kuhusu Picha ya Nane

Kwako Babu, uliyenifundisha kuinamisha kichwa,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, na boti ya Bibi iliondoka jana. Nimekaa studio kwako, kwenye kiti cha wateja, na tangu nianze barua hii nimesimama mara tatu. Ya kwanza kufunga dirisha, ya pili kulifungua, ya tatu sijui ilikuwa ya nini. Mama amenipigia kelele kutoka uani: "We mtoto, umekalia siafu?" Sijamjibu. Unanijua. Kumjibu mtu kwa sauti ni kazi kwangu, hata akiwa mama yangu mzazi.

Naiandika wazi barua hii, asome anayetaka, kwa sababu uongo wangu niliusema mbele za watu. Ungekuwa wa siri ningeungama kwa siri.

Nianze na Mjapani. Jina la kampuni, lile la silabi tatu, limechongwa kuzunguka lenzi, na kila mteja mjuaji aliyeingia humu alilisoma kwa sauti ili uone kwamba analijua. Wewe hukulitaja hata siku moja. Kamera uliiita Mjapani, basi. "Mjapani hapendi haraka." "Mjapani kanuna leo, kuna unyevu." Ulirithishwa na yule mtafiti wa mimea wa kule Amani, aliyekuwa akipigia picha majani ya msituni, na alipomaliza kazi yake akaona hawezi kurudi kwao na tofali lile begani. Ukalibeba wewe. Ukalipeleka kwenye harusi za Muheza, ukalipeleka Pangani, ukafika nalo mpaka Mkwaja, na bega lako la kulia likalala upande na halikuinuka tena.

Kamera nyingine unaiweka jichoni unamkodolea mtu. Mjapani unamshika usawa wa tumbo, unafungua kifuniko cha juu, unainama, na mtu wako unamkuta chini pale kwenye kioo. Vijana wa kijiweni Ngamiani walikuwa wakipita mlangoni wanakutania, "Mzee yuko kwenye rukuu!" Nawe bila kuinua kichwa unawajibu, "Basi nyoosheni safu." Wakicheka, unapiga. Nusu ya picha nzuri za mtaa huu zilitoka hivyo, watu wamesahau kununa.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia siku uliyoniita. Shuleni walikuwa wameshaanza kuniita Bubu. Darasani tunatakiwa tuongee Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili, na mimi nimejaliwa kunyamaza katika lugha zote mbili. Ukaniwekea Mjapani mikononi, ukanisaidia kumshikilia kwa chini, ukasema, "Hii ndiyo kamera yako. Hulazimiki kumtazama mtu usoni. Inama tu."

Nikainama. Ulikuwa umesimama mbele yangu, umenyoosha mkono wa kulia, lakini kiooni mkono ule ulikuwa upande mwingine. Nikasogea kukufuata, ukanikimbia. Ukacheka sana. "Humo kila kitu kinakwenda kinyume. Utazoea."

Na kweli nilizoea. Nilizoea hata ule wimbo wako, "Tega, piga, vuta," uliotaka niuseme hata nikiwa nafagia. Kishikio kikubwa cha ubavuni unakishusha, hapo umetega. Unapiga. Halafu kishikio kidogo cha nyuma unakivuta, mkanda unasogea kwenye picha nyingine. Kwa Mjapani wetu kazi hizo mbili hazijuani. Unaweza kutega na kupiga, ukatega tena na kupiga, na mkanda umekaa palepale, picha juu ya picha. "Asiyevuta," ulisema, "anawalaza watu wawili kitanda kimoja bila ndoa." Bibi akakohoa kule nyuma ya pazia. Kikohozi kile kilikuwa na maana ya "mtoto huyo, we mzee."

Na sheria yako ya pili: mkanda hautolewi haujaisha. Picha kumi ni kumi. Mteja wa picha ya tatu alilazimika kungoja mpaka waje wa nne hadi wa kumi, na waliokuwa na haraka uliwaelekeza kwa wapiga picha za simu.

Unaikumbuka ile barua ya Japani? Sponji ya mlango wa nyuma wa Mjapani ilikuwa imeoza, mwanga unapenya, ukaniambia niandike kiwandani kwa Kiingereza cha shule. Nikakaa na kalamu. Ukasema, "Kwanza wasalimie. Waulize hali zao, na familia zao, na kama mvua zimenyesha."

"Babu, barua za ofisi haziandikwi hivyo."

"Kwa hiyo tunawaingilia watu kama mgambo? Tunataka sponji, hatujawajua hata kama wazima?"

Nikaandika salamu yote, na mvua. Halafu ukaongeza swali: kwa nini vishikio viwili, kwa nini kimoja kisifanye kazi zote? Nilidhani barua ile itatupwa. Ikapita miezi, ukaacha hata kuulizia posta. Halafu likaja jibu, karatasi moja laini kama ngozi ya kitunguu. Mtu aliyeandika alisema kamera hizo hazitengenezwi tena, sponji hizo hazipo, akatueleza namna ya kukata kipande cha sponji nyembamba na kukibandika wenyewe. Kuhusu vishikio, akasema mifano ya baadaye iliwekewa kizuizi cha picha juu ya picha, lakini ule wa kwanza uliachwa hivyo ili mpigapicha aamue mwenyewe picha moja imekwisha lini. Na mwisho kabisa, chini ya sahihi, aliongeza kwa kalamu ya mkono: sisi ni wazima, na familia zetu nazo nzima, na mvua imenyesha.

Ulinifanya niisome sehemu ile mara nne. Ukasema, "Unaona? Watu."

Ngoja, nimesimama tena. Nimeenda kumgusa Mjapani kabatini nikarudi. Sasa nafika pale nisipotaka kufika, na ndiyo maana miguu haitulii.

Ulikuwa umeshadhoofika. Kifua kilikuwa hakikupi nafasi. Asubuhi ile ukasema unataka kupigwa wewe, na Bibi, pamoja. Picha za harusi za mji mzima zimetoka humu, na nyinyi wawili hamna hata moja. Wewe mpigaji ukikaa kando ya mkeo, nani atabaki nyuma ya kamera? Na hukutaka mwanamume mwingine amwinamie Bibi. Sasa ulikuwa na mimi.

Tukalitoa benchi uani kwenye mwanga, nikamfunga Mjapani kwenye stendi. Ukakaa. Ukanyoosha kiganja juani kupima mwanga kama ulivyozoea, ukanitajia namba za kuweka. "Tuko ya ngapi?"

"Ya nane, Babu."

"Bibi yako yuko wapi?"

Bibi akajibu mwenyewe kutoka jikoni, "Nije na kanga hii ya masizi? Ningojeni n'vae!"

"Toka nikuoe nakungoja uvae!" Ukanigeukia. "Nipige mimi kwanza, tuone huo mwanga."

Nikatega. Nikapiga. Ukataka kucheka, kikohozi kikakushika, ukainama mpaka kofia ikaanguka. Mama akaja mbio, tukakushika huku na huku, tukakuingiza ndani. Niliporudi uani, Bibi alikuwa ameshakaa kwenye benchi, palepale ulipokuwa umekaa wewe, kwa sababu mto ulikuwa pale. Kanga mpya, wanja, ushungi umekaa sawa. Akatazama mlango.

"Amelala kidogo, Bibi."

"Basi n'pige hivi. Akiamka tutapigwa wote."

Nikatega. Nikapiga.

Hukuamka ukaja tena uani. Jioni ukaniita kitandani. "Ya bibi yako imetoka?"

"Imetoka."

"Ulivuta?"

"Ndiyo, Babu."

Nilijibu kama mtu anavyoitikia amina, haraka, ili upumzike. Sikuwa nakumbuka kama nilivuta. Ningeweza kwenda uani kutazama namba, hatua kumi tu. Sikwenda. Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, ukatutoka.

Nilitazama namba baada ya mazishi. Ilikuwa bado nane.

Kwenye khitma nyumba ilijaa. Mjomba Hamad, mtoto wa kaka yake Bibi, alikuwa amevuka kutoka Wete na ndugu wengine wa Pemba. Akauliza, "Na hiyo picha ya mwisho ya marehemu, ipo?" Bibi, ndani ya nguo zake za eda, akanitazama. Mimi, Bubu, ambaye hata shairi darasani nalisoma kwa kunong'ona, nikafungua mdomo nikasema kwa sauti iliyofika mpaka barazani: "Ipo. Zimetoka zote mbili, nzuri sana." Watu wakageuka. Shangazi mmoja akasema, "Haya, leo katoa sauti!" Wakafurahi. Ile ndiyo mara yangu ya kwanza kusema mbele ya watu, Babu, na nilisema uongo.

Baada ya hapo sheria yako ikawa kichaka changu. Bibi akiuliza, "Picha zetu je?" namjibu, "Mkanda haujaisha, Bibi, zimebaki mbili." Akisema, "Si uzimalize? Mpige mbuzi wa jirani," namjibu haifai kumchanganya marehemu na mbuzi. Na yeye mwenyewe yuko eda, hajipambi, hapigwi. Miezi minne na siku kumi nilijificha humo. Mkanda ukikaa ndani ya kamera, hakuna aliyeharibu kitu. Nilikuwa nakuja hapa kila nikitoka shule, namfungua Mjapani kwa juu, nainama, natazama uani patupu, nafunga. Usingizi wangu ulikuwa vipande. Kwenye mtihani nimewahi kuandika namba nane mahali pa jina.

Eda ikaisha. Mjomba Hamad akarudi, safari hii kumchukua Bibi akakae na ndugu zake, boti ya Jumamosi. Bibi alikuwa anakunja nguo Alhamisi baada ya alasiri, kanga moja moja, akasema kama anajisemea, "Naondoka na kila kitu, mume wangu tu ndiye sina."

Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Bibi." Nikasema tena, "Bibi, ile siku ya uani..."

"Hukuvuta," akasema.

Hakuinua hata kichwa. Aliendelea kulaza pindo la kanga.

"N'mekaa nyuma ya pazia lile tangu mama yako hajazaliwa. Naijua kazi ya babu yako kwa masikio. Kwanza inalia kah! Halafu inalia krrr. Siku ile n'kiwa navaa n'lisikia kah ya babu yako, n'kaja n'kakaa pale n'kasikia kah yangu, n'kangoja hata krrr moja. Haikuja. N'kasema moyoni, mtoto kasahau."

"Mbona hukusema?"

"N'seme mbele ya mama yako, akugombeze, na mgonjwa ndani anasikia? N'kasema atasema mwenyewe. N'kangoja. Eda nzima n'mengoja, mwanangu, na eda ni ndefu."

"Na ulivyokuwa unaniuliza kila siku?"

"N'likuwa nakufungulia mlango. Hukupita."

Nililia pale mlangoni, Babu, kwa namna mbaya, na makamasi. Bibi akanirushia kanga aliyokuwa ameshaikunja. "Futa. Halafu ukalete hilo tofali. Zimebaki mbili, si ndivyo ulivyokuwa ukiniimbia?"

Nikavuta mkanda utoke kwenye nane, na ya tisa nikampiga yeye, uani, benchi lilelile. Nilipopiga akangoja, kichwa kakiinamisha upande mmoja kama ndege. Nikavuta. Krrr. "Ehe," akasema.

Halafu akainuka. "Na ya kumi kaa wewe."

"Bibi, mimi sipigwi."

"Hata mimi n'likuwa sipigwi. Kaa."

Akafika kwenye stendi, akafungua kifuniko cha juu, akainama. Akabaki ameinama. Nilidhani amekosa pa kubonyeza. Akasema, bila kuinuka, "Kumbe ndivyo alivyokuwa akituona? Kulia kushoto?" Hakuniuliza mimi. Kisha akapiga, akavuta mwenyewe, kwa nguvu, kama anavuta ndoo kisimani.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri nilijifungia kwenye chumba chako cha giza. Nilifuata kila ulichonionyesha: vidole ndivyo macho, dawa kwanza, maji, dawa ya pili, usikung'ute kama mtu anayesafisha chupa. Mkanda ulipotoka nikaupandisha kwenye mwanga. Ya nane ilikuwepo. Nikaisafisha kwenye karatasi zako za zamani, zilizofubaa, kwa hiyo hata nyeupe yake ni kijivu.

Nikueleze, kwa sababu hukuiona. Benchi limetoka kali kuliko kitu chochote, kila mshipa wa mbao unauona, maana halikusogea. Nyinyi mmetoka kama moshi. Kofia yako imekaa kwenye paji la Bibi. Macho yake yako juu kidogo ya macho yako, manne yamepangana. Mikono minne kwenye magoti mawili. Maua ya kanga yake yameota kifuani kwako. Mdomo ni mmoja, na sijui ni wa nani, ila unataka kucheka.

Bibi aliishika kwa pembe, ikiwa bado na maji. Akaisogeza, akairudisha. Nikasubiri.

"Mbona kan'kalia?" akasema.

Halafu akacheka, Babu, alicheka mpaka akakaa chini, anarudia, "Benchi lote lile! Benchi lote lile, kan'kalia!" Na kicheko kilipoisha hakuinuka. Alijifunika uso kwa ushungi, picha kaiweka mbali ili isilowe zaidi. Nikakaa karibu yake nikanyamaza, kazi ninayoiweza.

Ya kumi, kama unataka kujua, nimetoka bila kichwa. Kidevu, sare ya shule, mikono imeshikana. Bibi anasema ndivyo nilivyo.

Jana bandarini kulikuwa na foleni, mabegi, magunia ya machungwa. Mjomba Hamad akaomba kuiona picha aliyoambiwa kwenye khitma ni nzuri sana. Bibi akampa. Mjomba akaigeuza huku na huku.

"Hii imeharibika! Nani kapiga hii?"

Bibi akanigeukia. Aliniangalia tu, kama alivyoniangalia siku ya khitma. Mlango ulikuwa wazi, nikauona.

"Mimi, Mjomba," nikasema. "Nilisahau kuvuta mkanda. Nilijua tangu siku ya mazishi, na kwenye khitma niliwadanganya wote. Nisameheni."

Ilitoka kwa nguvu kuliko nilivyopima. Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi akageuka, mpagazi akageuka. Masikio yakanichoma. Mjomba Hamad akanitazama, akaitazama picha, akairudisha kwa mikono miwili.

"Kumbe una sauti wewe," akasema.

"Anayo," Bibi akasema. Akaifunga picha ndani ya kanga, kanga ndani ya mfuko, mfuko kifuani, akapanda boti bila kugeuka nyuma, maana anasema ukigeuka hufiki.

Nilidhani nikishasema nitatulia. Sijatulia. Rafiki yangu mmoja wa shule aliiona nakala niliyobaki nayo, akasema ni sanaa, akasema niwaambie watu nilikusudia. Nikakumbuka yule mtu wa kiwandani na maneno yake kwamba mpigapicha aamue mwenyewe. Lakini mimi sikuamua chochote. Nilisahau, na sitaki usahaulifu wangu uvalishwe nguo nzuri. Picha naipenda. Kosa ni kosa.

Nimegundua kwa nini nasimama na kukaa tangu asubuhi. Bibi nimemwambia, naye alikuwa anajua. Mjomba nimemwambia, Mama nimemwambia. Umebaki wewe, uliyeniuliza swali moja kitandani, ukafumba macho na jibu langu.

Niulize tena, Babu.

Ulivuta?

Hapana, Babu. Sikuvuta.

Mwenyezi Mungu akujaalie nuru huko uliko, ya kiasi kile ulichokuwa ukikipima kwa kiganja, isiunguze wala isipungue. Nafunga dirisha sasa. Mjapani nimemfuta vumbi, nimembandikia sponji mpya.

Mjukuu wako, yule wa nyuma ya pazia.